Mkandarasi anasema samaki watakimbia wenyewe. Je, ni kweli?

"Mimi ni mjumbe wa kamati inayosimamia barabara ndogo itakayovuka kijito. Kijito hicho kina maji mwaka mzima, na mvua zikikolea upana wake hufika kama mita tatu. Kuna samaki wadogo, kambale, kaa, vyura, na mara moja tulimwona fisi maji. Mkandarasi anataka kulaza mabomba mawili ya zege yenye kipenyo cha sentimita 90 na urefu wa mita tisa. Anasema kazi ni ya wiki mbili tu, atakausha sehemu ile kwa pampu na samaki watakimbia wenyewe. Chini kidogo kuna kalavati la zamani ambalo maji yanadondoka kutoka mdomoni mwake, na kwenye dimbwi lililo chini yake watoto huvua samaki wengi sana. Wenzangu wanasema hiyo ni dalili kwamba samaki wanapenda kalavati. Je, nina sababu ya kuwa na wasiwasi? Na nidai nini kabla sijatia saini?"

Nianze na hao samaki wa chini ya kalavati la zamani, maana wao wameshakujibu nusu ya swali. Wamejaa pale kwa sababu njia yao imeishia pale. Nenda jioni moja mvua zinapoanza, ukae kando ya dimbwi bila kutikisika kwa dakika kumi. Utamwona mmoja anachomoka majini, anagonga ukingo wa zege, anaanguka ubavu, anazunguka dimbwi na kujaribu tena. Ukimshika mmoja wa hao utakuta pua imechubuka hadi nyama nyeupe inaonekana. Nimekaa kando ya madimbwi kama hayo mara nyingi na bado roho huniuma. Ndege, kenge na watoto wenye ndoana wote wanavuna kundi moja la wasafiri waliokwama, na msimu ule wengi wao ni majike yenye mayai tumboni.

Kwa hiyo ndiyo, wasiwasi wako una msingi. Ila naona umeuelekeza zaidi kwenye zile wiki mbili za ujenzi, na hapo ningependa tusogeze macho. Wiki mbili za fujo kijito kinaweza kuzisahau baada ya msimu mmoja au miwili, kama kazi imefanywa kwa uangalifu. Bomba la zege litakaa pale miaka 50 au zaidi. Likiwa jembamba mno, au likining'inia, litaua kimyakimya kila mwaka bila mtu kuona mzoga hata mmoja. Kama kamati yako ina nguvu ya kushindania jambo moja tu, shindanieni upana wa mlango wa maji, yaani nafasi ambayo maji yatapita chini ya barabara.

Watu wengi hudhani samaki wa kijito kidogo hana safari. Anazo nyingi. Kambale hupanda na maji ya kwanza ya mvua kwenda kutaga kwenye majani yaliyofurika. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, huzaliwa baharini, hupanda mito akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu, huishi huko miaka mingi, kisha hurudi baharini kutaga. Hata wale wadogo wanaoonekana wakazi wa kudumu huhamia kwenye vina virefu wakati wa kiangazi na kurudi kwenye maji mafupi mvua zikirejea. Kome wa maji baridi naye, asiyeonekana kwenda popote, husafiri akiwa mchanga kwa kujishikiza kwenye matamvua ya samaki. Samaki asipopita, kome wa upande wa juu watabaki wazee watupu, wasio na vijana wa kuwarithi, na mtu akiwahesabu leo atadhani mambo ni shwari.

Sasa tuangalie mabomba yako mawili. Kijito cha upana wa mita tatu kikijaa hadi kina cha sentimita 60 kina mlango wa mita za mraba 1.8. Mabomba mawili ya sentimita 90 kwa pamoja yana mita za mraba 1.27 hivi, tena yakijaa pomoni. Karibu theluthi ya njia imekatwa, lakini maji ni yaleyale. Yatafanya mawili kwa pamoja: yatajaa nyuma ya barabara, na yatapita kwa kasi zaidi. Ndani ya bomba hakuna jiwe wala mzizi wa kuyapunguza mwendo. Kwenye kijito cha asili, nyuma ya kila jiwe kuna kivuli cha maji tulivu ambamo samaki hupumzika kabla ya kuruka hadi kivuli kingine. Bomba halina pa kupumzika.

Chukua samaki wa sentimita 10. Akikaza mwendo wa kufa na kupona anaweza kufika kama mara kumi ya urefu wake kwa sekunde, yaani mita moja kwa sekunde, na hawezi kuudumisha zaidi ya sekunde 20 hivi. Maji ndani ya bomba yakienda sentimita 80 kwa sekunde, anachosonga mbele ni sentimita 20 tu kila sekunde. Bomba la mita tisa litamdai sekunde 45. Nguvu zitamwishia kabla hajafika nusu, na maji yatamrudisha mpaka alipoanzia. Wakati huo mhandisi amesimama barabarani anaona maji yanapita vizuri kabisa, na kwa upande wa maji hajakosea.

Kiangazi shida inageuka. Maji machache yanatandazwa kwenye sakafu ya zege kama maji yaliyomwagika sebuleni, kina sentimita mbili au tatu, na samaki mwenye kimo cha sentimita nne hana pa kupita. Halafu kuna lile la kalavati lenu la zamani. Sidhani lilijengwa likining'inia. Kwa kawaida bomba hulazwa sawa na kitanda cha kijito, kisha maji yanayotoka kwa kasi huchimba mbele ya mdomo, mvua baada ya mvua, mpaka kitanda kinashuka na bomba linabaki juu. Hayo mapya nayo, yakiwa membamba, yatafuata njia hiyohiyo.

Dawa yake inajulikana: kiache kijito kipite ndani ya kalavati kikiwa bado kijito. Katika jimbo la Washington, Marekani, ambako samoni, samaki wanaotoka baharini na kupanda mito kutaga, wamelazimisha watu kujifunza mambo haya kwa gharama kubwa, kanuni ya usanifu wa namna hii ni kuchukua upana wa kijito kikiwa kimejaa hadi kingoni, kuzidisha kwa 1.2, na kuongeza kama sentimita 60. Kwako hiyo ni mita 4.2. Linaweza kuwa daraja fupi, kalavati la tao lisilo na sakafu, au kalavati la boksi ambalo sakafu yake imezikwa chini ya kitanda cha kijito na kujazwa mawe, changarawe na mchanga wa saizi zilezile zilizopo mtoni. Bomba la duara likitumika, huzikwa kwa kiasi cha asilimia 30 hadi 50 ya kimo chake. Mteremko ndani uwe sawa na wa nje. Na kuna jambo dogo ambalo mafundi hulisahau: mawe hayo lazima yajazwe mchanga laini katikati, maji yapigwe juu yake mpaka yazibe nafasi. Bila hivyo, kiangazi maji yote yatazama chini ya mawe na utakuwa na kalavati zuri lililo kavu.

Najua mkandarasi atasema nini kuhusu bei, na hasemi uongo. Mlango wa mita nne unagharimu zaidi kuliko mabomba mawili. Lakini hesabu isiishie siku ya uzinduzi. Mwaka 2011 tufani ya Irene ilipopiga Vermont, jimbo jingine la Marekani, makalavati mengi ya kawaida yaling'olewa pamoja na barabara zake, ilhali yale yaliyojengwa kwa upana wa kijito katika msitu wa taifa wa Green Mountain yalisimama. Sababu ni ileile iliyowafaa samaki: mlango mpana haujazi maji nyuma yake, wala haunasi magogo. Mabomba mawili sambamba ni mtego wa taka kwa maumbile yake. Gogo moja likilala kwenye ukuta ulio katikati yao, matawi na majani hufuata, na kufikia alfajiri maji yanapita juu ya barabara. Washington kwenyewe, kesi iliyofunguliwa na makabila ya wenyeji mwaka 2001 ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 2018 majaji waligawanyika 4 kwa 4, hivyo amri ya kulitaka jimbo lirekebishe makalavati yanayozuia samoni ikabaki. Kufukua barabara ili kurekebisha ni ghali kuliko kujenga sawasawa mara ya kwanza.

Kama fedha kweli hazipo, na mmeuliza kwa dhati mkajibiwa hazipo, basi boksi moja lenye upana usiopungua ule wa kijito, sakafu ikiwa imezikwa, ni afadhali mara nyingi kuliko mabomba mawili. Na kama hata hilo linashindikana, moja liwe kubwa na lizikwe chini ili libebe maji ya kila siku, la pili liwekwe juu zaidi kwa ajili ya mafuriko tu. Hilo ni suluhisho la shingo upande, silisifii. Vizuizi vidogo vinavyofungwa sakafuni mwa bomba kupunguza kasi vinasaidia makalavati ya zamani, lakini hunasa takataka na hudai mtu wa kuvisafisha kila msimu. Kwa kazi mpya sivipendekezi.

Fisi maji mliyemwona anaingia kwenye hesabu hii pia. Bomba likijaa maji hapendi kupita ndani, hupanda juu na kuvuka barabara, na hapo ndipo magari humkuta. Anachohitaji ni ukingo mkavu ndani ya kalavati, juu ya usawa wa mafuriko. Mlango wa mita 4.2 wenye kingo zake ndani unampa hilo bila kuongeza kitu, na vyura na kenge nao watalitumia.

Tuje kwenye zile wiki mbili. "Watakimbia wenyewe" ni kweli kwa samaki wachache wanaoogelea katikati ya maji. Wengine wote, wakihisi hatari, hufanya kinyume: huingia chini ya jiwe, kwenye mizizi, kwenye tope, na kutulia tuli. Kambale mdogo, kaa na kiluwiluwi wote wana akili hiyo, na imewaokoa dhidi ya ndege kwa vizazi vingi. Dhidi ya pampu inawaua. Niliwahi kufika sehemu iliyokaushwa, msimamizi akanihakikishia kuwa hakuna kitu, samaki wote wameondoka. Nikageuza jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtu. Chini yake walikuwa kambale watatu wa urefu wa kidole, midomo wazi, wamelala kwenye unyevu usiozidi kijiko. Tuligeuza mawe mpaka saa sita mchana na ndoo mbili zikajaa.

Kwa hiyo kazi ya kuhamisha viumbe iandikwe kwenye mkataba, na ipewe siku yake kabla katapila halijafika. Nyavu zenye matundu madogo zinafungwa juu na chini ya eneo, pindo la chini likilazwa mawe lisiache mwanya. Mnavua mara ya kwanza maji yakiwa bado yamejaa. Kisha maji yanashushwa polepole, theluthi kwa theluthi, saa kadhaa kati ya hatua moja na nyingine, watu wakitembea ndani na nyavu za mkono na kugeuza mawe. Kome na konokono wanatafutwa kwa vidole kwenye mchanga, hakuna njia ya mkato. Rudini usiku na tochi, maana kaa na mikunga hujitokeza giza likiingia. Kuvua kwa umeme kunafanya kazi vizuri mikononi mwa waliofunzwa, na pasipo mafunzo kunaua samaki na watu, kwa hiyo mtu asijaribu kujibunia kifaa.

Ndoo ndiyo mahali ambapo nia njema hugeuka kuwa mauaji. Maji yenye ubaridi wa nyuzi 10 hubeba hadi miligramu 11 hivi za oksijeni kwa lita, na yakifika nyuzi 30 hayabebi zaidi ya 7.5. Ndoo nyeusi juani ikiwa na samaki thelathini inamaliza hewa yake upesi kuliko unavyofikiri. Tumieni maji ya kijito kilekile, wekeni kivulini, badilisheni maji mara kwa mara au wekeni pampu ndogo ya hewa, wachache kwa kila ndoo. Kambale mkubwa asiwekwe na wadogo, kaa awe peke yake. Mikono iloweshwe kabla ya kumshika samaki, kwa sababu mkono mkavu unamvua ule ute unaomkinga na magonjwa. Waachilieni juu ya eneo la kazi, mahali panapofanana na walipotoka. Chini kuna tope la ujenzi, na wakishuka chini ya kalavati la zamani hawatarudi tena. Msiwapeleke kijito kingine hata kiwe kizuri vipi, maana mtabeba na magonjwa yao.

Maji ya kijito yenyewe yapitishwe pembeni ya eneo kwa bomba la mteremko likiwezekana. Nalipendelea kuliko pampu kwa sababu mteremko hauishiwi dizeli saa nane usiku. Pampu ikitumika, mdomo wake uvikwe kikapu kipana chenye matundu yasiyozidi milimita mbili hivi, ili mvuto usiwe mkali na vifaranga wasinyonywe, na iwepo pampu ya akiba. Upande wa chini usikauke hata kwa saa moja. Maji machafu yanayonyonywa kutoka kwenye shimo la kazi yamwagwe kwenye majani mbali na kijito au kwenye kidimbwi cha kutulizia tope, yasirudi mtoni moja kwa moja. Tope laini huziba nafasi kati ya changarawe ambamo mayai na wadudu wa majini hupata hewa, na samaki hula hao wadudu.

Lakini ukiniuliza kinachoniogopesha kuliko vyote, nitasema saruji. Zege bichi likigusana na maji hupandisha pH, kile kipimo cha uasidi na ubesi wa maji, hadi 12 na kuzidi. Viumbe wengi wa maji baridi huishi vizuri kati ya 6.5 na 9, na kila hatua moja ya kipimo hiki ni mara kumi, kwa hiyo kutoka 8 hadi 12 ni mara elfu kumi. Matamvua huungua. Na ubaya wake ni kwamba maji yanabaki safi machoni. Niliitwa siku moja kwenye kijito ambacho samaki walikuwa wameelea matumbo juu, maji yakiwa maangavu kiasi cha kuona kila kokoto, na wenyeji wakishuku mtu ametia sumu. Vibarua walikuwa wameosha toroli na koleo mtoni baada ya kumwaga zege, kama walivyofanya siku zote. Hawakuwa na nia mbaya, hakuna aliyewaambia. Daini vipande vya zege vilivyokwisha kukomaa kiwandani pale inapowezekana, zege lolote linalomwagwa hapo lisiguswe na maji mpaka likauke sawasawa, vyombo vioshewe kwenye shimo lililotandikwa turubai, na karatasi za kupimia pH ziwepo kazini kila siku. Ni vitu vya bei ndogo sana.

Mafuta yajazwe angalau mita 30 kutoka majini. Mashine zije zikiwa zimeoshwa na kukauka, kwa sababu tope la mto mwingine linaweza kuleta kuvu wanaoua vyura au mbegu za magugu maji.

Wakati wa kazi uwe kiangazi, baada ya vifaranga kukua na kabla wazazi hawajaanza kupanda. Waulizeni wavuvi wa pale, wanaujua mwezi huo kuliko mimi. Kazi ikiisha, maji yarudishwe kidogo kidogo, na yale ya kwanza yenye tope yavutwe kwa pampu kwenda nchi kavu mpaka yatakate. Changarawe ya juu iliyotolewa mwanzoni iwe imewekwa kando, irudishwe mahali pake.

Kuna mambo ambayo siwezi kukuamulia kwa maandishi, lazima mtu afike. Kibali cha mamlaka ya mazingira na ya maji kipatikane kwanza, na hesabu ya mafuriko ifanywe na mhandisi wa maji. Mkikuta kome au mikunga, au mkishuku kuna kiumbe aliye chini ya ulinzi wa sheria, simamisheni kazi na mwite afisa uvuvi au mwanaikolojia. Kijito kikiwa na mteremko mkali au kitanda cha udongo laini, vipimo nilivyotaja havitoshi.

Kalavati la zamani nalo msiliguse kwa hasira. Mara nyingi ndilo linaloshikilia kitanda cha juu. Mkiling'oa tu, maji yataanza kuchimba kuelekea juu, mita kwa mita, hadi kwenye msingi wa kalavati lenu jipya. Tena inabidi kuchunguza kwanza kama chini yake kuna samaki wageni ambao hawajafika juu, kwa kuwa mara chache kizuizi huwa ndicho kinachowakinga wenyeji. Mara nyingi inawezekana kupanga ngazi za mawe kwenye dimbwi ili maji yapande hadi mdomo wa bomba, lakini zichorwe na mtu aliyesimama pale akaziona.

Kabla ya kikao chenu kijacho, chukua futi kamba na wenzako wawili. Pandeni juu hadi mahali ambapo kalavati la zamani halijaathiri kijito, mpime upana kutoka ukingo hadi ukingo, pale ambapo kokoto zinaisha na mizizi ya majani ya kudumu inaanza. Fanyeni hivyo sehemu kumi, mita chache kati ya moja na nyingine, na mchukue wastani. Hiyo mita tatu uliyonitajia naona ni ya kukadiria kwa macho, na kingo zilizofunikwa na majani huficha mengi. Ikitokea ni nne, mlango wenu ni mita 5.4, na mchoro wa mkandarasi uanze upya kutoka hapo.